Gemu Ndani ya Eda

Salme alianza kucheza gemu akiwa na miaka sita, mapajani mwa baba yake, nyuma ya duka la vitambaa pale Gongoni. Wenzake walipokuwa wakijifunza kusonga ugali, yeye alijua kupiga kona na kufunga kwa kichwa. Alipoolewa aliingia na mashine yake ya gemu kama wengine waingiavyo na masufuria. Mumewe Faris, Mungu amrehemu, alicheka tu, akamtafutia pa kuichomeka. Mtoto wao Ghalibu alishika pedi ya kuchezea kabla hajajua kufunga viatu.

Faris akafa kwa ajali kwenye barabara ya Urambo. Salme akakaa eda, miezi minne na siku kumi: asitoke, asijipambe, asionane na mwanaume wa kando. Kuhusu gemu hakuna aliyesema neno, maana hakuna aliyeifikiria. Siku ya arobaini na moja, alasiri, alivaa hedifoni akacheza mtandaoni na timu yake, wanaume watatu wa Dar ambao hata hawakujua kwamba amefiwa. Mmoja akajifunga goli la kijinga. Salme akacheka. Ndiyo, alicheka! Mjane naye ana mbavu.

Bi Batuli, mama wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu hata udongo haujamkauka, nawe unacheka na wanaume?"

"Mama, ni gemu tu."

"Gemu! Basi Ghalibu atakwenda Cheyo kwa baba yake mdogo. Halelewi humu."

Salme alishikwa na hofu ambayo hata siku ya maziko hakuijua. Akachomoa mashine, akakusanya na pedi zote mbili, akaviweka miguuni mwa mkwewe.

"Chukueni, mama. Niachieni mtoto."

Roho ilimuuma vibaya, lakini kwa Ghalibu angetoa hata macho. Bi Batuli akalegea. Mashine ikapakiwa kwenye bajaji, ikaenda Cheyo kwa Abdulnasser, mdogo wake marehemu.

Ijumaa wazee wa ukoo wakaja kuamua mtoto alelewe wapi. Salme akakaa nyuma ya pazia la chumbani, akisikiliza.

"Mtoto ana miaka saba, ana akili zake," alisema Bi Batuli. "Aulizwe mwenyewe, na atakalosema ndilo."

Salme akashusha pumzi. Tangu msiba walikuwa wakilala kitanda kimoja. Angechagua nini kingine?

"Ghalibu," Abdulnasser akauliza, "unataka kukaa wapi?"

Mtoto naye akauliza kwanza:

"Gemu iko wapi?"

"Iko kwangu, baba."

"Basi kwako."

Salme akamwita mwanawe kwa jina, mara moja tu. Mtoto akaja mbio, akafunua pazia, akambusu mkono kama alivyofunzwa.

"Nitafanya mazoezi, mama. Ukitoka eda nitakufunga tano."

Nje bajaji ikawaka. Salme alifika hadi mlango wa barazani, akashika fremu, akasimama hapo hapo. Zilibaki siku themanini na sita, na hata kumkimbilia mtaani hakuweza. Hasira zilimjaa, ila kwa mtoto hazikwenda. Angeulizwa yeye akiwa na miaka saba, angejibu vilevile.