Kambale Kwenye Maji ya Chumvi

Kwanza niliona majani. Fungu dogo la magugu ya mtoni, mabichi kabisa, lilikuwa linaelea kuelekea baharini. Saa hiyo bahari ilikuwa inapanda, kwa hiyo kila kinachoelea kilipaswa kusukumwa juu, mtoni. Yale majani yalikuwa yanashuka.

Kaka alikuwa ameshachota maji kati ya mawe, akayaonja, akatema. Ndivyo tunavyofanya hapa mto unapoingia baharini. Yakiwa na chumvi, bahari ndiyo yenye nguvu, na mtu anaweza kuingia kufungua wavu kwenye nguzo. Lakini yeye alichota kwenye kidimbwi kilichobaki pale tangu bahari ilipojaa mara ya mwisho.

"Chumvi tele," alisema, akajifunga kamba kiunoni. Ncha nyingine akanipa mimi. "Haya Bubu, shika. Ukisinzia utanizika."

Aliniita Bubu tangu utotoni, kwa kuwa mbele ya watu sauti hainitoki.

Alipofika nguzo ya mwisho, maji yalikuwa kifuani. Ndipo nikaona kambale kwenye wavu, anapigapiga mkia. Kambale ni wa maji baridi, hafiki huku kwa hiari yake. Mto ulikuwa umefurika huko juu, na ulikuwa unakuja. Nikavuta kamba.

"Unavuta nini? Umenasa nyangumi?"

Nikavuta tena.

"Acha utani bwana! Mguu umenasa kwenye wavu, nautoa taratibu nisichane wavu."

Maji yaligeuka rangi ya udongo, yakampanda mabegani. Kwenye kona ya mto likatokea gogo zima na mizizi yake. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikafungua tena.

"Kata! Kata wavu, kaka, kata!"

Alinishangaa mimi kwanza, kisha akaliona gogo. Akachomoa kisu. Nilizungusha kamba kwenye jiwe, nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Gogo likapita na nguzo pamoja na wavu wetu wa pekee.

Alikohoa maji, akalala kifudifudi. "Kumbe una sauti ya mnadani," alisema.

Nyumbani alimsimulia mkewe, akacheka, akaniigiza. Wifi hakucheka. Alinishika mikono, akaipaka mafuta. Nami nikamjibu kaka moyoni.

Kaka, haukuwa ushujaa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamwambiaje wifi, mimi ambaye hata kupiga hodi naona haya. Nikaona heri nikupigie wewe kelele.