Kivuli cha Upande wa Nje

Fundi alikuwa ameshona mapazia ya nusu ya mtaa, lakini dirisha lililomtoa jasho lilikuwa la nyumbani kwake. Chumba cha mama mkwe, ghorofa ya nne, kilitazama magharibi, na tangu bibi huyo avunjike nyonga, miezi mitano sasa, alikuwa mtu wa kitandani. Kila saa nane jua liliingia bila hodi, likakaa mpaka lizame. Mume wa fundi alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kuuguza kulikuwa kwa fundi peke yake.

Alitundika pazia, akaongeza la pili, mwisho akaweka kitambaa cheusi kizito. Chumba kikawa giza totoro, na joto vilevile.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "umenizika kabla ya wakati. Na kaburi lenyewe lina moto."

Fundi alicheka kidogo, akabadilisha kitambaa chenye maji kwenye paji la uso wa mgonjwa, akarudi kwenye cherehani. Mara sita, mara saba kila alasiri: kuinuka, kuchovya, kukamua, kumgeuza mgonjwa, kuketi tena. Jioni miguu ilimwaka.

Kisha wakaja wapaka rangi. Walining'iniza maturubai makuukuu nje ya ukuta wa magharibi, toka juu hadi chini, rangi isirukie vioo. Jengo zima lililalamikia giza. Saa tisa fundi aliinuka na bakuli lake kama kawaida, akamkuta mama mkwe amelala usingizi wa pono. Akagusa kioo. Hakikumchoma. Alisimama pale, bakuli mkononi, akajiona mjinga: miezi yote hiyo alikuwa akilizuia jua likiwa limeshaingia ndani.

Siku ya nne maturubai yalikunjwa, na tanuri likawashwa upya.

Alimfuata msimamizi wa jengo, ofisini kwake chini ya ngazi. "Nataka kufunga kivuli nje ya dirisha."

"Haiwezekani. Ukuta umepakwa rangi juzi. Nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu atatundika shuka lake."

Fundi hakuwa na nguvu za kubishana. "Basi panda saa tisa, ukae na mama dakika kumi. Mimi nina kazi ya watu."

Sijui ni aibu au ni udadisi, lakini alipanda. Mama mkwe alimwelekeza kwa adabu zote kwenye kiti cha dirishani, akaanza kumsimulia ujana wake. Dakika ya nne msimamizi alifungua kifungo cha shati. Ya saba akatafuta leso.

"Usiondoke, baba," bibi alisema, "sijafika kwenye harusi."

Alitoka shati limemganda mgongoni. "Usitoboe ukuta," alimwambia fundi. "Funga kwenye nondo za dirisha. Na kiwe rangi ya ukuta."

Fundi alishona turubai la rangi ya maziwa. Sindano mbili zilivunjika. Akapitisha mikono kati ya nondo, akalifunga kwa kamba kwa upande wa nje, mabega yakilalamika.

"Sasa sioni barabara," mama mkwe akasema.

Fundi alifumba macho kidogo. Kisha akaenda kutafuta fimbo mbili za mapazia, akazifunga chini ya turubai zilisukume mbele, likakaa kama ukingo wa kofia. Upepo ukapita chini yake. Barabara ikaonekana.

Chumba hakikuwa cha baridi, la. Joto lilikuwepo, ila la kuvumilika, na alasiri ile alibadilisha kitambaa cha maji mara moja tu. Uchovu wake haukwenda popote. Ulikuwa wa miezi. Jirani wa ghorofa ya pili alibisha hodi, vipimo vya dirisha lake ameviandika kiganjani.

"Na mimi nishonee kivuli kama kile."

"Kesho, dada. Leo sioni hata tundu la sindano."

Akafunga mlango, akatandika mkeka sakafuni karibu na kitanda cha mama mkwe, akalala mchana kweupe.