Uso wa Kazi

…na usinibetulie midomo hapo, eti hakuna mtoto aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumjibu mama yake hivyo siku ya msiba, yupo, tena si punguani, tena alilelewa akaleleka, ndiye huyo amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha utafiti, magoti yamebanana, mikono imelala mapajani, shingo imeinama kidogo upande mmoja kama alivyofundishwa, mtazame vizuri kwanza ndipo ubishe. Mbele yake amekaa mwanafunzi mwenzake, kijana wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki, leo amejifunika mtandio wa kuazima na amekuwa mama aliyefiwa na mwanawe, wenzao wawili wameegemea ukuta wanajibana wasicheke, na Daktari, mwalimu wao na mwenye utafiti wake wa kuwahoji wafiwa, amekaa pembeni na penseli, tulieni, anasema Daktari, Redio acha kurembua macho, mama aliyefiwa harembui, na Redio anasema samahani Daktari, huu mtandio wenyewe ndio una vituko, wanacheka wote, hata Daktari kidogo, yeye binti hacheki, uso umebaki palepale alipouweka, na kwenye kikapu kando ya mlango, wanakotupa simu zao zote kabla ya mazoezi, simu moja inaanza kutikisika.

Huenda ni yake… zote zimezimwa sauti, zote zimelaliana mle kikapuni kama vifaranga, huwezi kujua inayotikisika ni ya nani, na sheria ya chumba ni kwamba mtu hanyanyuki mpaka mazungumzo yaishe, hata kama ni ya kuigiza, na mama hajampigia tangu mazishi, wala yeye hajapiga, anangoja, kila siku anaiweka simu kando ya mto anangoja, na ikiwa leo ndiyo siku yenyewe, ikiwa mama ameamua tu akiwa anapepeta mchele au anakunja nguo, ikakatika bila kupokelewa, basi, hatapiga tena, anamjua mama yake, ni mtu wa kugonga mlango mara moja na kugeuza mgongo. Alikuwa kijana mzuri, anaanza Redio kwa sauti nyembamba, alikuwa ananichekesha, na binti anatikisa kichwa mara moja, taratibu, wala si mara mbili, kwa sababu mara mbili ni kukubali na mara moja ni kusikia tu, asante kwa kunieleza, anasema, na sauti inatoka laini, haina chumvi wala sukari, penseli ya Daktari inaandika alama.

Asante kwa kunieleza, ndiyo ya kwanza, chukua muda wako, ndiyo ya pili, ulijisikiaje wakati huo, ndiyo ya tatu, basi, hayo ndiyo maneno yote ya mhojaji, aliwaambia Daktari siku ya kwanza akiwa amekalia ukingo wa meza na kikombe chake cha chai, humu ndani hakuna pole, mnanisikia, pole mnaiacha nje na simu zenu, ukimwambia mtu pole umemwonyesha mahali pa kulia, naye kwa adabu atalia palepale ulipomwonyesha, sisi hatutaki msiba wako, tunataka wake. Redio akanyoosha mkono, sasa Daktari, akilia mpaka akaanguka kwenye kiti? Utamwokota, akasema Daktari, kimyakimya. Walicheka sana siku ile, lakini kazi haikuwa ya kucheka, neno lenyewe lilikuwa likiwaponyoka kama kwikwi, kwani mtu anajifunza lini kulisema, humwambia aliyejikwaa na aliyechoka na aliyepiga chafya, humwambia hata aliyebeba ndoo ya maji tu na anakwenda zake, unakuta limeshatoka mdomoni kabla hujajua una mdomo, mazoezi yanaanza upya, na penseli inapiga mkwaju wa kosa karatasini, na ndipo binti akamwomba kaka yake amsaidie.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, jioni akimaliza kazi alikaa juu ya rundo la mabati, akaisimamisha simu kwenye kopo la misumari ili waonane nyuso, haya Profesa, alikuwa akimwita Profesa tangu akiwa mdogo kwa kuuliza maswali yasiyo na mwisho, haya Profesa, leo nimefiwa na jogoo wangu, alikuwa jogoo wa heshima zake, ameacha wajane tisa, naye anajikaza, anainamisha shingo, asante kwa kunieleza, na kaka anajifuta machozi ya uongo kwa kofia iliyojaa vumbi, wajane wenyewe hawaelewani, mmoja ameshaonekana kwa jirani, binti anapasuka kucheka, wanaanza upya, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja uso ukashika, kaka akaigiza, akagaragara, akawika kama marehemu, uso haukusogea hata ukope, na yeye kaka ndiye aliyenyamaza kwanza, akasogea karibu na simu, akasema we mtoto, ukinifanyia uso huo kwenye msiba wangu, haki ya nani nafufuka nikuzabe kibao… akacheka, akazima, bila kuaga, ndivyo alivyokuwa, hata mlango wa nyumbani alikuwa akiufunga kwa kisigino kwa sababu mikono imejaa vyombo vya kazi, na binti akaiga, mikono mitupu lakini anafunga kwa kisigino vilevile, mama akigomba kutoka jikoni, mlango umewekewa mkono wake, nyie punda wawili, nani aliwafundisha kufunga mlango kwa mateke.

Simu imenyamaza… inaanza tena, mtu anapiga mara ya pili, basi si mama, mama harudii, au anarudia, mtu aliyezika mtoto unajuaje atakavyofanya. Ulijisikiaje wakati huo, anauliza, na Redio anahema kama mgonjwa, sikujisikia, dada, samahani, mwanangu, sikujisikia, nilikuwa kama ukuta, na mmoja pale ukutani anakohoa kwa makusudi, binti anangoja, kwa sababu hilo ndilo la nne na ndilo kubwa kuliko yote, kimya, mhojaji hakivunji kimya, anayehojiwa ndiye anayekivunja, hata kikikaa mpaka kikaota mizizi, mwache aliyefiwa aanze yeye.

Yeye ndiye aliyefaulu kabla ya wenzake, yeye ndiye ambaye Daktari alimweka mbele ya wafiwa wa kweli wakati hawa wengine bado wanaponyokwa, na Daktari akasema matokeo yakiiva watakwenda wote wawili kuyasoma mbele ya wasomi, jina lako kando ya langu, kaka aliposikia akapiga vigelegele juu ya paa la watu, na siku ile ya simu binti alikuwa ametoka kukaa na mzee aliyezika mkewe, mazungumzo marefu, mazito, mzee alilia akajipangusa akaendelea na yeye akatikisa kichwa mara moja, mara moja, akatoka, akaokota simu kikapuni nayo inatikisika, mama, akaweka sikioni akiwa bado hajavuka kizingiti, na mama akasema kwa sauti asiyoijua, mwanangu, kaka yako, bati lilikuwa bado na maji ya mvua, ameteleza, mwanangu, kaka yako ametuacha… na mdomo ukafunguka wenyewe, ndio ninaokuambia, wenyewe, kama mlango wa duka kubwa, ukasema asante kwa kunieleza. Kukawa kimya. Na kimya hicho alijua kukikalia, akakikalia, uso umeinama upande mmoja mbele ya ukuta mtupu, halafu akasema chukua muda wako. Nini? mama akasema, umesemaje? halafu simu ikasikika inapita mkono kwa mkono, mama mdogo akaja juu, wewe, umemwambia nini mama yako, mbona amekaa chini?

Na nyumbani, alipofika, wanawake wote wa ukoo walikuwa chini kwenye mkeka, akavua viatu akakaribia mahali pake, kando ya mama, mama hakupaza sauti, mama si wa kupaza sauti kwenye watu, alisema tu mpeni mgeni kiti. Akaletewa kiti. Yeye, mtoto wa nyumba, juu ya kiti, anawatazama mama zake utosini, na mama akainua macho, asante kwa kuja, chukua muda wako, wale wengine wakadhani ni heshima ya wasomi, walioelewa ni wawili tu, na hata hapo angeweza kuporomoka kwenye kile kiti akaangukia mapaja ya mama yake yakaisha, lakini uso ulikuwa umeshika, akautafuta ule wake wa zamani kama mtu anayepapasa swichi gizani, hakuupata, akatikisa kichwa. Mara moja.

Aliporudi chuoni wenzake aliwaambia alikuwa na mambo ya kifamilia, aliyejua ni Daktari peke yake, akamfungia mlango ofisini, akamuuliza unaweza kuendelea? Naweza, Daktari. Una hakika? Nina hakika. Daktari akamtazama, mwanamke aliyezeeka akisoma nyuso za wafiwa, akamtazama kwa huruma kabisa, akaamini, na ungemlaumu vipi, kazi yake mwenyewe ndiyo aliyokuwa akiitazama.

Mlango siufungi komeo, anasema Redio. Anasoma, hayo maneno yameandikwa kwenye karatasi ya mazoezi aliyoiokota juu ya rundo bila kuchagua, lakini sauti nyembamba imemtoka, anasoma kwa sauti yake mwenyewe, mlango siufungi komeo, alikuwa anachelewa kurudi kutoka kazini, kwa hiyo sikuufunga, sasa kila jioni naufikia, nashika komeo, mkono unagoma, narudi kulala mlango uko hivyohivyo… na mtandio unateleza mabegani na yeye Redio haurudishi. Kule ukutani hakuna anayekohoa. Na binti anamwona mama, siku ile baada ya wageni kutawanyika, anavuka ukumbi na kanga ya jana, anaufikia mlango, anashika komeo, anasimama, anasimama, mkono unashuka, anapita mbele ya kiti cha mgeni bila kusema kitu, na mgeni anamtazama kama anayeandika alama, kwa hiyo komeo la mama si la mama peke yake, mama mwingine aliwahi kukaa kwenye chumba kama hiki akalisema, likapigwa chapa, likawa zoezi, na penseli ya Daktari imesimama. Amekumbuka. Sasa atasema, sasa atainuka avunje sheria yake mwenyewe aseme basi, jamani, tuishie hapa, binti anaisikia penseli ilivyosimama hewani, na Daktari anamtazama usoni, anaukuta uso, anashusha pumzi, anawageukia wale wawili, msimtazame Redio, anasema polepole, mtazameni yeye, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hivyo ndivyo… hivyo jinsi gani, anawaza, wanatazama nini, wananitazama nikimfanyia mama, maana ndicho ninachomfanyia, siku zote hizi naweka simu kando ya mto nangoja aanze yeye, najiambia amenikasirikia, akipoa atapiga, kumbe si kungoja, ni la nne, ni kile kimya, nimemkalia mama yangu kimya mpaka leo ili aliyefiwa avunje yeye, na pale mlangoni nilipokuwa na simu mkononi hakunieleza ili nimshukuru, alikuwa anataka neno moja ambalo hata anayepita na ndoo ya maji hupewa bure, ukoo mzima umempa, majirani wamempa, mwenye lile paa amempa, na aliyemnyima ni mimi, na mimi mwenyewe nani amenipa, nitapewa wapi na uso huu, kaka, hukufufuka, kile kibao kiko wapi. Zamu yako, ananong'ona Redio bila kufungua meno, sema chukua muda wako. Anafungua mdomo. Pole, anasema. Mmoja ukutani anaguna kicheko, umeteleza, anasema Daktari, si neno, tuanze tena kwenye komeo, na yeye anamtazama Redio na ndevu zake tatu na mtandio mabegani, anasema tena, pole mama, na sauti haikutoka laini, imetoka imekwaruza kama bati linalokatwa, na Daktari anaiweka penseli chini.

Ameshanyanyuka. Binti, anasema Daktari, keti kwanza, keti tuzungumze, na Redio anawageukia wote, nimekosea wapi jamani, nimesoma kama ilivyoandikwa, na yeye ameinama kwenye kikapu, ile inayotikisika ni ya Redio, yenye kioo kilichopasuka, anaisukuma kando, anachimba, ya kwake iko chini kabisa, baridi, kiza, hakuna aliyempigia. Anabonyeza jina la mama. Linaita. Huku linaita anashika mkono wa mlango, anatoka, uso umeanza kumvunjika upande mmoja na hajui wenzake wameona au hawakuona, na mlango anaufunga nyuma yake kwa kisigino.