Pasi Niliyoitia Plastiki

Habari ile niliipata kwa msusi. Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake, sina pa kukimbilia, akaanza: kuna mama alivuka na kivuko kwenda kumwona mwanawe nchi ya ng'ambo, wimbi likapiga ukingo, maji yakaingia mkobani, pasi ikalowa. Mihuri ikatiririka kama wanja wa mtu anayelia. Wakati wa kurudi akaambiwa, hatujui umeingia lini wala umeingiaje.

"Mpaka leo yuko huko," msusi akasema, "anafua nguo za watu."

Nikamuuliza mama huyo ni nani. Akasema, "Tulia, mstari utapinda."

Lisemwalo lipo. Binti yangu ameolewa ng'ambo hiyo hiyo, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mimi nilishatangaza mtaa mzima kwamba katika ukoo wetu wa kwanza kumpakata ni mimi, wengine wapange foleni. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda na kivuko cha asubuhi na kurudi na cha jioni, kwa pasi ya muda, ile karatasi moja yenye picha juu na nafasi ya mihuri chini. Karatasi, juu ya maji. Usingizi ukanipaa.

Basi nikaipeleka stesheneri, kwa kijana anayetia plastiki vyeti vya kuzaliwa.

"Mama, na hii pia?"

"Hiyo hasa. Funga pande zote, hata sisimizi asipate mlango."

Ikatoka mashineni ina joto, inang'aa, ngumu kama sinia. Siku hiyo nililala fofofo.

Mdogo wangu, ambaye tulikuwa tunasafiri pamoja, alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hiyo ni pasi au ni ubao wa kukatia vitunguu?"

"Cheka tu. Yako ikilowa, utafua nguo za watu."

"Afadhali nifue."

Bandarini, kwenye dirisha la uhamiaji, alikaa askari wa kike wa umri wa binti yangu. Mdogo wangu alitangulia, akagongewa muhuri wa kutoka, akapita upande wa pili wa kamba. Nikapitisha yangu. Askari akagonga. Wino ukateleza, ukakusanyika pembeni kama umeitana kikao. Akafuta kwa kitambaa, akagonga kwa nguvu zaidi. Muhuri wote ukahamia kwenye kidole gumba chake.

"Mama, hii umeifanyaje?"

"Nimeikinga na maji, mwanangu."

"Umeikinga na maji, na serikali pia."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaigeuza. "Nyuma nako?"

"Nyuma nako."

Nikajaribu kubandua kona moja kwa ukucha. Plastiki ikaja na sikio langu la kwenye picha. "Acha, mama," mkubwa akasema, "utabaki huna kichwa." Mchuuzi mmoja nyuma yangu akashauri nigongewe kwenye paji la uso nipite. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao huku machozi yako mlangoni.

Mkubwa yule alinieleza kwa upole. Bila muhuri wa kutoka, ng'ambo hawanipokei, na viza ya siku moja hugongwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Nichukue pasi mpya, ofisi iko mlango wa pili, nitavuka na kivuko cha mchana. Hapo nikapiga hesabu ya vivuko. Cha mchana kikifika, cha jioni kinakaribia kung'oa nanga, na viza ya siku moja inakufa na hicho cha jioni. Nyumbani kwa binti yangu ni mbali na gati. Nisingefika.

Mdogo wangu akainua kamba anirudie. Askari akamzuia. "Wewe umeshatoka nchini, mama. Pasi yako ni ya safari moja, ukirudi huku imekwisha."

Tulikuwa tunaweza kushikana mikono, lakini kisheria mwenzangu yuko nje ya nchi.

"Nenda," nikamwambia. "Mwambie asinisubiri nyumbani, amlete mtoto gatini."

"Na nikifika, nimpakate?"

"Mpakate. Mtoto asinyimwe mikono kwa ajili ya plastiki yangu." Maneno hayo yalinitoka kama jino.

Mpiga picha wa getini, nilipokwenda kupiga picha ya pasi mpya, aliniambia, "Mama, kunjua uso, hii si picha ya tangazo la kifo." Pasi mpya nikaipata, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikavuka nimekaa katikati ya kivuko. Mawimbi yalirusha matone, yakawalowesha waliosimama ukingoni wakijipiga picha. Hakuna pasi iliyolowa.

Ng'ambo askari akauliza nakwenda kwa nani na narudi lini.

"Kwa mjukuu wangu. Narudi na kivuko cha jioni hii hii."

Akatabasamu, akagonga. Wino ukashika mara moja.

Nje ya mlango wa abiria niliwaona kwenye benchi: binti yangu, mkwe wangu amembeba mtoto, na mdogo wangu ameikalia mikono yake yote miwili.

"Mama, huyu mama mdogo ananishangaza," binti akasema. "Tangu asubuhi namwambia nishikie mtoto ninywe maji, anasema hawezi."

"Mikono inaniwasha, dada," mdogo wangu akasema. "Fanya haraka kabla sijaasi."

Mkwe akanikabidhi. Wa moto, mzito kuliko nilivyodhani, ananukia maziwa. Akafungua jicho moja, akanipiga chafya usoni, akalala tena. Nikamwimbia, wachukuzi wa mizigo wakawa wanapunguza mwendo wakipita, "Hongera, bibi," na mimi naitika kila mmoja. Kisha zamu ya mdogo wangu ikafika, akagoma kumrudisha mpaka kivuko kilipopiga honi.

Wewe unayejiandaa kuvuka, epuka haya:

Kutia pasi plastiki ya moto. Mfuko wa nailoni unatosha.

Kuamini habari za saluni kabla ya kuuliza uhamiaji.

Kukunja pasi mahali pa mihuri.

Kuvuka kamba kabla mwenzako hajagongewa.

Kwenda mbali na gati kwa viza ya siku moja.

Kusahau cheti cha chanjo.

Kubeba mzigo wa mtu usiyemjua, hata akikuita mama.