Zahanati ya Juu na Zahanati ya Bondeni

Nyumbani walimwita Jedwali, na jina lilimkaa sawasawa. Binti huyu hakuweza kununua hata ndoo bila kwanza kuchora mistari: ya kijani huku, ya bluu kule, uzito, mfuniko, mkono. Hata wachumba wawili waliojitokeza mwaka mmoja aliwachorea safu zao, akazijaza taratibu, na kabla hajafika kwenye hitimisho wote wawili walikuwa wameshaoa kwingine. Mama yake alinuna mwezi mzima.

Basi alipoingia chuo kusomea shahada ya pili, utafiti wa kulinganisha ulimkolea kama mtu aliyezaliwa nao. Profesa wake, mzee mkavu asiyepoteza neno, alimpa kanuni moja. Tafuta sehemu mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa matokeo, kisha chimba mpaka uipate tofauti iliyojificha. Huyo ndiye mchawi wako.

Jedwali akazipata zahanati mbili, moja juu mlimani, moja bondeni, na kati yake mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wakazi karibu sawa. Nesi mmoja huku na mmoja kule, friji moja moja, siku ya chanjo moja kwa wiki. Hata milango ya vyoo ililia mlio ule ule. Lakini ya juu ilichanja watoto mpaka daftari likajaa, na ya bondeni daftari lake lilikuwa jeupe pe. Na mchawi? Mchawi alimwona wiki ya kwanza tu, au ndivyo alivyojidanganya. Nesi wa juu alikuwa kijana mchangamfu, sare imenyooka kwa pasi. Wa bondeni alikuwa mama mtu mzima, mzito wa maneno, na ukifika kituoni mara nyingi humkuti. "Ametoka," anakwambia mfagiaji, na ufagio unaendelea. Jedwali akaandika: utoro.

Miezi minane akaijenga hoja hiyo. Wakubwa wa idara ya afya wakapata fununu, wakamwomba awasomee matokeo Jumatatu, na mkuu wao akampigia simu mwenyewe.

"Kazi nzuri, binti. Yule mama wa bondeni tunamhamishia kituo cha mbali. Tulikuwa tunangoja ushahidi tu."

Jedwali alifurahi, tusifichane. Uzee ule, mizigo ile, safari ile, wala havikumpitia akilini.

Jumamosi kabla ya mkutano alipanda juu kupiga picha mbili tatu za kupamba ripoti. Foleni ya kina mama ilikuwa imefika nje. Akaketi karibu na mama wa mapacha, mmoja mgongoni, mmoja mapajani, na kwa mazoea tu akamuuliza kama anakaa mbali.

"Bondeni."

"Mbona hukwenda kwenye zahanati yenu?"

"Kwetu chanjo ni Jumatano, dada, na Jumatano ni siku ya soko. Nani aache meza yake? Nesi wetu ameomba siku ibadilishwe mpaka amechoka. Sasa anapita nyumba kwa nyumba kutuambia Jumamosi tupande huku. Kwangu alikuja mara tatu, maana sindano naiogopa kuliko hawa."

Mama wa pembeni akadakia kwamba yeye pia ni wa bondeni. Na wa mbele yake. Jedwali akasimama, akauliza foleni nzima, na karibu nusu wakainua mikono.

Siku za chanjo, moja na moja: aliandika hivyo kwa mkono wake, akaweka tiki, asiulize ni siku gani. Daftari la huku lilikuwa limejazwa kwa jasho la yule mama wa kule. Miezi minane ikawa imekwenda na maji, na kibaya zaidi, alikuwa karibu kumponza mtu asiye na kosa.

Alishuka bondeni viatu mkononi. Alimkuta nesi nje ya kituo, anakwangua matope kwenye raba zake, akamsimulia yote, pamoja na habari ya uhamisho.

"Hilo najua," nesi akasema. "Nimeshaanza kufunga virago."

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia? Nimekunywa chai yako, nimekuuliza maswali arobaini na mawili."

Nesi akafikiri. "La nikitoka ninakwenda wapi halikuwamo. Nikadhani kwenu wasomi si la maana." Kisha akaingia ndani, akamletea nakala za barua tatu alizoandika kuomba siku ya chanjo ibadilishwe, kila moja na jibu la kukataa nyuma yake.

Jumatatu chumba kilijaa, Profesa amekaa nyuma kabisa. Jedwali akasema kwanza lililomkaba: kazi yake haifai, na aliyekosea ni yeye. Akaeleza kwamba zile hazikuwa zahanati mbili za kulinganisha. Watoto waliohesabiwa juu, nusu yao walifikishwa na mguu wa nesi wa bondeni, na akihamishwa huyo, daftari la juu nalo litapungua.

"Mara tatu aliomba siku ibadilishwe," akamalizia.

"Na nani alikataa?" mkuu akauliza kwa ukali.

Jedwali akazigeuza barua, akasoma sahihi chini ya jibu. "Ni wewe, mzee."

Mkuu akavua miwani, akaisoma barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uhamisho ukafutwa hapo hapo, na siku ya chanjo ikasogezwa.

Nje kwenye ngazi Profesa alimkumbusha kwamba anaanza upya, mwaka mzima. Jedwali akasema anajua. Kisha akampigia simu nesi kumpa habari. Upande wa pili yule mzito wa maneno akaanza kulia.

"Nilishawaaga," akasema. "Nyumba zote, mwanangu. Jana nilimaliza kuwaaga."

Jedwali akaketi pale pale kwenye ngazi, simu sikioni, akalia naye.