Ng'ombe wa Wimbo Mmoja

Ukitaka kusifiwa, kufa. Hii si methali, lakini ingefaa iwe, na kama ungekuwapo kwenye kikao cha kumkumbuka Wimbo Mmoja ungekubaliana nami kabla chai haijapoa.

Wimbo Mmoja ni jina alilopewa na majirani alipokuwa hai, tena walimwita hivyo usoni pake, huku wakicheka mpaka wanashika mbavu. Mfugaji yule alikuwa na ng'ombe wengi, kodiani moja na wimbo mmoja. Leo, mwezi tu tangu azikwe, majirani walewale wamejaa uani kwake kwenye viti vya kuazima, nyuso wamezikunja, na kila anayesimama anamwita msanii.

"Tumepoteza gwiji wa muziki," alisema jirani wa ng'ambo ya ua, ambaye kila jioni kodiani ilipoanza kulia alikuwa anafunga madirisha kwa kishindo.

Mjane alikaa mbele, mikono mapajani, akimtazama. Gwiji! Alitamani kumwambia ataje nyimbo mbili tu za huyo gwiji. Lakini siku kama hiyo mjane hahoji watu.

Akasimama mwingine, akasema marehemu alikuwa mchapakazi. Hapo mjane hakuwa na ubishi. Mume wake aliamka kabla ya jogoo, akakamua, akazoa samadi, akakaza nyaya za ua kwa mikono yake mpaka viganja vikawa vigumu kama soli ya kiatu. Wa tatu akasema marehemu alikuwa mtu wa familia.

"Familia ipi?" mjane akamnong'oneza binti yake. "Ile yenye pembe?"

Binti akajifunika mdomo asicheke. Siku ya harusi yake baba mtu alifika sherehe ikiwa nusu, viatu vimejaa tope la zizini, kwa sababu kuna ng'ombe alikuwa anazaa mara ya kwanza na eti alikuwa na woga.

Hayo yote mjane aliyasamehe. Kilichomkaa rohoni ni wimbo. Ule wimbo ulikuwa wake! Enzi za uchumba yule bwana alikuwa anakuja kusimama chini ya dirisha la kwao na kodiani mpya kifuani, akiimba, "Njoo kwangu, mrembo, njoo, usiniache na giza." Na yeye, mjinga wa watu, akaenda. Hata mwaka haujaisha kwenye ndoa, jioni moja akausikia wimbo ule nyuma ya nyumba. Akajiweka nywele sawa, akatoka na tabasamu lake, akamkuta mumewe kaegemea lango la zizi, anawaimbia ng'ombe. Na ng'ombe wanakuja, bwana! Wamejipanga mstari, hakuna fimbo, hakuna kelele. Tangu siku hiyo mke hakuuimba tena, na akaapa hatauimba mpaka kufa.

Baadaye ndama akaikanyaga kodiani na kifungo kimoja kikafa. Wimbo ukifika kwenye "usiniache," ilitoka pumzi tupu, fyuuu. Bwana akaona haya, akawa anaziba pengo kwa kujikohoza. "Njoo kwangu, mrembo, njoo, kho-kho, na giza." Miaka nenda, miaka rudi. Mkewe akamwambia, baba watoto, peleka hicho kidude kwa fundi, unatuaibisha. Akajibu, "Mbona ng'ombe hawajalalamika?"

Basi, tuyaache ya bwana. Alisimama shemeji.

Huyu ni mdogo wake marehemu, mpiga kodiani kwenye bendi ya harusi, suti inang'aa, viatu vina ncha za kuchomea viazi. Siku ya mazishi aliitungua kodiani ukutani bila kuaga, eti ukumbusho. Leo amekuja nayo imepigwa rangi na kusuguliwa mpaka unajiona sura.

"Nimeipeleka kwa fundi," alisema. "Imepona yote, hata kile kifungo. Kaka yangu aliteseka na chombo kibovu." Akafuta jicho lisilo na chozi. "Sasa, ndugu zangu, tuambizane ukweli. Shemeji yangu namheshimu, lakini hawa ng'ombe wamemshinda. Kila jioni yeye na binti wanakimbizana nao malishoni kama watu wanaofukuza kuku. Juzi baadhi wamelala nje. Nitawachukua mimi, niwatunze kwa niaba ya familia."

Kufa kufaana. Watu wakatikisa vichwa kukubali, maana mali ya mwenzio ikihamishwa wewe huumwi popote. Bila ng'ombe wale mjane hana maziwa ya kuuza, hana cha kumweka pale nyumbani, hana hata sababu ya kuamka. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba shemeji hakusema uongo. Ng'ombe hawakumsikia. Sauti yenyewe ilikuwa imemkauka kwa kuwaita.

"Na wakikukataa?" aliuliza Mjomba, mzee aliyeongoza kikao. "Ng'ombe si meza, kwamba utawabeba."

"Wanikatae mimi? Mjomba, nikiwapigia wimbo wa kaka watakuja wenyewe mpaka hapa uani!"

"Haya, wapigie. Wakija, chukua. Wasipokuja, nisikusikie tena."

Kikao kizima kikahamia kwenye ua wa malisho. Lango likafunguliwa. Ng'ombe walikuwa kwenye mteremko, vichwa kwenye majani. Shemeji akaivuta kodiani, akapiga.

Alipiga vizuri, mpe haki yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka "usiniache" ilitoka nzima, tamu, na moyo wa mjane ukaruka, akajiona tena dirishani kwa baba yake. Ng'ombe walikuwa wameinua vichwa tangu mwanzo. Wimbo ulipopita mahali pale masikio yakalegea, wakarudi kwenye majani yao. Shemeji akarudia, akatia na madoido ya harusi. Mkubwa wa kundi, jike la mabaka ambalo marehemu aliliita Bibi Mkubwa, jina lililoleta ugomvi mkubwa ndani ya nyumba, akageuka, akainua mkia, akatoa maoni yake.

"Upepo unachukua sauti," shemeji akasema, jasho linamtiririka.

"Upepo hauna kosa. Wamekukataa," Mjomba akasema. "Lakini na huyu mama hawamsikii. Labda wauzwe tu, ukoo ugawane."

Tugawane! Lo, ungeona macho yalivyowaka. Hata jirani aliyefunga madirisha alisogea karibu, na yeye si ndugu wa mtu pale.

Mjane alishajua kasoro iko wapi. Alijua tangu kifungo kile kilipolia, na akamkasirikia mumewe hukohuko kaburini. Mume gani anakufa na bado anakutia aibu mbele za watu? Akapanda kwenye ubao wa chini wa lango, akashika ule wa juu, na kwa sauti iliyokwaruza akaimba. "Njoo kwangu, mrembo, njoo..." Akafika pale. Akasita, ukoo mzima unamkodolea macho. Kisha akakohoa, kho-kho, kikohozi kilekile cha uongo cha mtu mwenye haya. "...na giza."

Bibi Mkubwa akageuka. Akaanza kutembea, halafu kukimbia, na kundi zima nyuma yake, wakapita langoni na kuingia uani. Viti vya kuazima vikavunjika. Gwiji wa sifa, yule jirani, akapanda juu ya meza ya chai. Shemeji akateleza na suti yake, kodiani kaiinua juu isichafuke.

Bibi Mkubwa hakusimama kwa mjane. Alimpita, akaenda mpaka lango la zizi, pale bwana alipozoea kuegemea. Akanusa ubao. Akatazama huku na huku, akalia mara moja.

Mazishini mjane hakulia, na watu walimsema kwamba ana moyo wa jiwe. Sasa alilia kwa sauti, bila kujificha. Akamfuata yule ng'ombe, akamkumbatia shingo.

"Hayupo, mke mwenzangu," akamwambia. "Tumebaki sisi wawili."

Mjomba akasema neno limekwisha. Watu wakaanza kuokota viti. Shemeji akaja taratibu, suti imejaa tope, akamnyooshea kodiani kwa mikono miwili.

"Basi, shemeji, pokea. Ni haki yako."

Mjane akafuta makamasi. Akaitazama ilivyong'aa, akabonyeza kile kifungo kimoja, kikalia vizuri.

"Irudishe kwa fundi," akasema. "Mwambie akiue tena hiki kifungo. Na afanye haraka, nina ng'ombe wa kuita."