Boti ya Siku ya Mazishi

Matanga ya dada yake Mzee André yalikuwa yanaisha, na kwao kuwanyoa wafiwa ni kazi ya mjomba. Alikwisha kuwanyoa wote pale uani, mtaani Turffontein, akabaki Pitchou, mtoto wa kwanza wa marehemu. Huyo alikosa mazishi. Alisema kwa simu kwamba kazini Sandton walimnyima ruhusa. Sasa alikaa, akainamisha kichwa. Ngozi ya shingo yake ilikuwa inabanduka.

"Jua la wapi hili, mtoto? Huku tunakufa na baridi."

Mkewe Héritière, asiyejua mumewe alisema nini kwa simu, akatoa simu yake. "La Ugiriki, mjomba. Tulikodi boti nzima kisiwani, siku moja, sisi wawili tu."

Pichani Pitchou alikuwa kifua wazi, glasi mkononi, anacheka.

"Siku gani hiyo?"

"Ile Jumamosi ya mazishi," Pitchou akajibu kwa sauti ya chini. "Boti tulikuwa tumeshalipia, mjomba. Hawarudishi. Lakini mama tulimwombea palepale majini."

André alijisikia kama mtu aliyemeza nzi. Akaufuta wembe, akaukunja.

"Mimi nanyoa waliofiwa. Wewe nenda na nywele zako."

Pitchou akabaki ameinama, taulo shingoni, ndugu zake wenye vipara wakimtazama.